Huko Juu Kukoje

Ndugu wafiwa, majirani, watu wa reli, na ninyi wengine mliokuja kwa kufuata umati, familia inawaomba mkae, na asiye na pa kukaa aegemee behewa lile bovu, limesimama pale tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa na halitaanza kutembea leo. Swali mlilonalo mdomoni tunalijua. Mnajiuliza kwa nini tumemleta dereva wetu hapa, kwenye stesheni isiyo na duka la kuuza hata kiberiti, penye upepo wa kung'oa meno ya mtu aliyefunga mdomo, wakati kwao kaskazini kaburi limeshachimbwa, na waliolichimba ndio hawa wazee wetu waliokaa mbele na majembe yao. Kaka mkubwa wa marehemu bado hajakubali. Amesema atasikiliza historia hii mpaka mwisho, ndipo aseme kama jeneza linateremshwa hapa au linarudi kwenye lori. Basi tunaisoma sisi wadogo zake, na tutaisoma kwa sauti hii hii moja, mtusamehe, tumekufa ganzi, kilio kipo njiani kinakuja, na nchi hii ni kubwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1952, kaskazini kabisa, kwenye nyanda kavu za wafugaji, akiwa mtoto wa tatu wa baba mchunga ng'ombe na mama mwenye sauti ya kumwamsha fisi wa kilima cha pili. Kule mvua ni mgeni wa heshima, ikija watu wanatoka nje kuisalimia, na ardhi ni bapa kiasi kwamba ukimwona mgeni anakuja kwa mbali, una muda wa kutamia yai, kukuza kuku na kumchinja kabla hajabisha hodi. Mtoto alitoka na kichwa kikubwa, mkunga akasema, huyu kichwa chake kitavuta vitu, na kweli kikaja kuvuta, maana huyu bwana amevuta nchi nzima kwa miaka thelathini.

Alianza shule Januari 1960, shule yenye darasa moja, mwalimu mmoja na ramani moja ya nchi iliyobandikwa ukutani, na mchwa walikuwa wameipanda ile ramani kutokea chini wakaitafuna kusini yote, misitu yake, viwanda vyake vya mbao na mito yake, wakaishia katikati waliposhiba. Kwa hiyo marehemu alimaliza darasa la saba, Novemba 1966, akiamini kwamba nchi inakwisha pale shibe ya mchwa ilipoishia, na siku mwalimu alipomuuliza kusini kuna nini, alijibu bila wasiwasi, kuna sakafu, akachapwa. Lakini pale juu kabisa ya ramani mchwa hawakufika, na pale juu ndipo kilipokuwa kijiji chao, na mwalimu aliwafundisha kwamba kaskazini ni juu, basi wao ni watu wa juu, na wazee wetu hawa mpaka leo wanatembea kwa maringo kama watu walioshuka kutoka mawinguni kuja kutusaidia. Mlishike neno hilo, juu, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Aliajiriwa na reli tarehe 2 Juni 1970, chini bandarini, kibarua wa kubeba mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, akapandishwa kuwa mchochea moto kwenye vichwa vya mvuke, akakaa mbele ya tanuri mpaka nyusi zikahama, na mwaka 1976 akakabidhiwa kichwa chake mwenyewe. Njia yake ilikuwa moja, kutoka bandarini mpaka machimbo ya shaba, na njia hiyo ndiyo nchi. Inaanza kwenye maghala na matangi ya mafuta, kwenye joto la kuchemsha shingo, inapita mashamba ya katani yaliyopangwa kama nywele zilizochanwa na mama mkali, inafika kwenye ukuta wa milima, hapo treni inazunguka na kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, inatokea kwenye tambarare ya juu, mahindi upande huu, pamba upande ule, pamba nyeupe mpaka madereva wageni walifunga vioo wakidhani ni baridi, halafu inapanda polepole mpaka hapa tulipo, kwenye mgongo wa nchi, halafu inateremka upande wa pili kwenda kwenye bonde lenye ziwa la magadi, ziwa ambalo mito yote inaingia na hakuna hata mmoja unaotoka, kama wageni wa nyumba fulani tunayoijua, halafu ndiyo machimboni. Pale machimboni palikuwa na mlima. Marehemu aliuteremsha mlima ule, behewa kwa behewa, mpaka bandarini, na asiyeamini aende akaangalie, leo kuna shimo. Alikuwa anasema, ukienda nchi za watu ukawasha taa, fuata waya, utanikuta mimi.

Alikuwa na maelezo yake kuhusu uchumi, akiyatoa kwa yeyote mwenye masikio na asiye na pa kukimbilia. Nchi yetu, alisema, ni meza iliyofupishwa mguu mmoja, basi kila kizito kinateleza kwenda baharini, shaba, pamba, magadi, mbao, na kinachorudi kupanda ni chepesi, ndoo za plastiki, magodoro, mitumba, miamvuli ya kuwauzia watu wasio na mvua. Injini inahema kwa mzigo wa kushuka, alisema, na wakati wa kupanda inapiga miayo. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa jiografia, alijaribu mara nyingi kumweleza kwamba mambo hayako mepesi hivyo, kwamba ngano na mafuta navyo vinapanda na ni vizito, naye alimjibu, mwanangu, wewe umesoma nchi, mimi nimeivuta, tusigombane, tugawane, na ukweli ni kwamba hesabu ya ngano binti ndiye aliyekuwa sahihi, hata gadi wake, mlinzi wa treni aliyesafiri naye miaka yote kwenye behewa la nyuma kabisa, anakubali.

Watu wa reli nao wana juu yao. Kwao juu ni kuelekea machimboni na chini ni kuelekea bandarini, basi, hawataki kusikia habari ya ramani, hata pale treni inapoporomoka kwenda bonde la ziwa breki zinalia kama mbuzi, wao wanakwambia, tunapanda. Na katika juu yao hiyo kubwa, hapa mgongoni ndipo juu ya juu. Mvua ikinyesha kwenye paa la stesheni hii, tone la upande huu linakwenda baharini, na tone la upande ule linakwenda ziwani na halitoki tena. Wakwe mtuwie radhi, lakini historia ni historia, marehemu alikuwa akiwaleta madereva wapya hapo kwenye kile kijiwe, anakwenda haja ndogo huku anageuka taratibu, anafunga suruali, anatangaza kwamba amemwagilia nchi nzima. Kaka mkubwa, tumekuona umecheka, usijifiche.

Kuhusu ndoa, mke wake alikuwa fundi cherehani aliyepanga chumba karibu na yadi ya bandarini, ukuta kwa ukuta na reli, na alimfahamu marehemu kwa ugomvi, maana kila kichwa chake kikipita, nguo za wateja zilizoanikwa zinageuka rangi ya sufuria. Siku moja alimfuata mpaka ofisini kwa gadi, ana mashuka mawili mkononi, na marehemu kwa kujidai akamwambia, dada, huo usiite moshi, huo ni utajiri wa nchi unapita, na yeye akamtupia mashuka kifuani akasema, basi huo utajiri ukafue. Akafua. Gadi ni shahidi, anasema aliyafua vibaya sana, akarudishiwa mara ya pili, akafua tena, na walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977, na mpaka anastaafu hakuna aliyewahi kumwona bibi harusi yule akianika nguo bila kwanza kuuliza treni iko wapi.

Walijaliwa watoto watano. Wa kwanza alikuwa wa kiume, alizaliwa tarehe 9 Mei 1978, na kwa kuwa kitu cha kwanza alichojifunza kutoa mdomoni ni mlio wa kichwa cha mvuke, wote walimwita Filimbi, mtoto mmoja lakini kelele za stesheni nzima. Mwaka 1979 familia ilihamishiwa machimboni, kwenye nyumba za reli, vyumba viwili na jiko la nje, na mwezi Machi 1981 Filimbi akashikwa na homa, daktari wa machimbo akasema, huyu ateremshwe hospitali kubwa leo leo. Treni ya abiria ilikuwa imeshaondoka. Iliyokuwa inaondoka ilikuwa ya shaba, na dereva wake alikuwa baba yake.

Sasa mnajua utani wa marehemu kuhusu treni zake, alikuwa anasema ni ndefu kiasi kwamba kichwani unalowa mvua na mkiani watu wanaota jua, na sisi tulicheka utani huo miaka yote. Siku ile ulikuwa kweli. Mama na mtoto walipanda behewa la gadi, nyuma kabisa, baba yuko mbele kabisa, na katikati yao shaba. Walipanda kutoka bondeni, mvua inampiga yeye kwenye kioo, nyuma jua limewaka, mama anampepea mtoto kwa kofia ya gadi, na walipofika hapa mgongoni treni ikasimama kuchukua maji, na Filimbi alikuwa ameshanyamaza. Gadi yuko pale, yule mwenye koti, anaweza kuwaambia. Alishuka akatembea kandokando ya mabehewa mpaka mbele kumpa habari, na anasema alitembea polepole, hakuwa amechoka, alitaka tu yule aliyekuwa kule mbele aendelee kidogo kuwa baba wa mgonjwa.

Walimzika hapo, nyuma ya tangi la maji, mjanja mmoja wa stesheni akatoa ubao wa taruma ukawa jeneza, kisha baba akapanda kwenye kichwa na mama akarudi behewa la nyuma, wakateremsha shaba mpaka bandarini, maana meli ilikuwa inaisubiri. Hawakurudi tena kuishi machimboni. Na hawakulizungumza jambo hilo mbele yetu, wala mbele ya wale wanne waliofuata, yaani mwalimu wa jiografia, fundi wa majokofu, muuguzi, na huyu wa mwisho ambaye bado anatafuta kazi inayolingana na usingizi wake. Wote walijua walikuwa na kaka aliyefariki. Wapi, hawakuuliza, na nyumba ile haikuwa ya kuuliza.

Walichokuwa wanasikia ni hiki. Kila baba yao akirudi kutoka safari, kabla hajavua viatu, mama yao alikuwa akimuuliza bila kuinua macho kwenye cherehani, huko juu kukoje, naye akijibu, kumetulia, nyasi nimekata. Basi. Halafu chakula kinapakuliwa. Watoto walikua wakidhani wazazi wao wanazungumzia hali ya hewa, na mwalimu anasema ndiyo sababu alipenda jiografia, alidhani ni somo la mapenzi. Wale madereva vijana nao walikuwa wakimcheka kwa kubeba mundu kwenye kichwa cha treni, wakimwuliza, mzee unakwenda kuvuna reli, akiwajibu, navuna upepo, na kila safari alisimamisha treni hapa akisema anapooza injini, hata zilipokuja injini za dizeli ambazo hazikuhitaji kupozwa hapa wala kunyweshwa maji, na katika masteshenimasta wote waliopita hapa, wakali na wapole, hakuna aliyemwuliza injini imepoa kiasi gani.

Alistaafu tarehe 30 Septemba 2007. Tangu hapo mundu ulibaki hapa kwa steshenimasta, na marehemu alikuwa akipiga simu, anakohoa, anauliza, anashukuru, anakata, halafu mke wake anamwuliza kama kawaida, huko juu kukoje, na yeye kama kawaida anamjibu, kumetulia, nyasi zimekatwa.

Alianza kuugua mapafu mwezi Oktoba 2017, moshi ule uliowahi kuchafua mashuka ukarudi kudai nafasi kifuani, na tarehe 24 Juni 2019 alilazwa hospitali kubwa ya bandarini, ghorofa ya pili. Siku moja kabla ya kufariki alifungua macho akasema kwa sauti ya dereva, nipelekeni juu, akafunga macho, hakusema tena. Hapo kila mtu akafanya kwa elimu yake. Wahudumu wakampeleka ghorofa ya tatu, lifti imeharibika, wakambeba kwenye ngazi, jitu lile, mmoja wao mpaka leo anatembea ameinama. Mtu wa dini akasema anazungumzia mbinguni, akaanza sala. Marehemu alifariki tarehe 3 Julai 2019, asubuhi, na kaka mkubwa akasema, mmesikia wenyewe, juu, yaani nyumbani, na binti mwalimu akaonyesha kwenye ramani ya simu yake, ndiyo, kaskazini, juu, na hakuna aliyekosea hapo, kwa ramani yake kila mmoja alikuwa sahihi. Mama, yaani mke wake, alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika viatu vya marehemu. Hajalia mpaka leo. Hakuna aliyemgeukia kumwuliza juu ni wapi, na yeye alikuwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Tukapakia jeneza kwenye lori tukaenda kaskazini, na marehemu, ambaye maisha yake yote aliivuta nchi kutoka mashariki kwenda magharibi, akavutwa yeye, tukapita kwenye minada ya ng'ombe, kwenye visima vya chumvi, kwenye vumbi ambalo bado tunalo masikioni, tukafika, kaburi lipo tayari, zuri, limechimbwa kwenye mwamba, wazee walitoka malengelenge ya mikono. Wote tukashuka. Mama hakushuka. Wanawake wakamwita, wifi shuka, hakushuka, shemeji zake wakamwita, hakushuka, mpaka gadi aliyekuja na gari la mwisho akapanda kwenye lori akakaa karibu naye, akamwuliza kwa upole, shemeji, yeye alisema juu ipi. Mama akasema, huku ni kwao. Juu ni kwa mwanangu. Alisema hivyo tu, na ndipo gadi aliposhuka akatuhadithia mambo ya mwaka 1981, na sisi wadogo wa marehemu, wenye midomo mirefu kuliko treni, tukapanda tena kwenye lori.

Ndiyo maana tuko hapa. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya pili na ya tatu, na hasa wale wa kwenye ngazi. Inawashukuru majirani wa yadi waliolisha watu wengi kuliko mabehewa, madereva waliochangia mafuta ya lori, fundi aliyelitengeneza lori hilo mara tatu njiani bila kutukana zaidi ya mara moja, na steshenimasta wa hapa aliyetunza mundu na kuutumia. Inamshukuru gadi, aliyetembea kandokando ya treni ile na amekuja kutembea tena leo. Inawashukuru wazee wetu wa kaskazini, na inawaambia kwamba majembe yenu bado yana udongo wa kaburi lile, hamjayaosha tumeona, kwa hiyo kwao kumeshafika hapa, hakuna aliyewanyang'anya kitu.

Saa sita treni ya shaba itapita kushuka, dereva ameomba apige honi, msishtuke.

Limebaki jambo moja. Mama hana hotuba. Ameomba asimame hapo kando ya tangi la maji aulize lile swali lake la siku zote, na kwa kuwa aliyekuwa anamjibu hawezi tena, ameomba safari hii ajibiwe na kaka mkubwa. Kaka, tunakuomba utangulie ukatazame, kaburi dogo liko kushoto, kubwa limechimbwa karibu nalo, nyasi zimekatwa. Ukirudi atakuuliza, huko juu kukoje. Ukisema kumetulia, tunateremsha.

Na wewe dereva wetu, mzigo umefika. Pumzika kwa amani, huko juu.